Zanzibar ya Mwalimu Joackim

Kwa wiki tatu nzima Joackim alijitetea moyoni kwamba hakusema uongo. Alisema tu kuwa yeye na mkewe, Gaudiosa, wanakwenda kupumzika ufukweni. Ufukwe si upo Bukoba, mwendo usiofika saa mbili kwa basi kutoka kwao Kagoma? Na hoteli waliyolipiwa na binti yao Jovitha, siku mbili na chakula juu yake, ilikuwa pale pale kwenye mchanga wa ziwa. Lakini maneno hayo aliyasema kwenye foleni ya kupima kahawa, mbele ya watu, na mtu mmoja akauliza kama ni ufukwe wa Zanzibar. Joackim akatazama gunia lake. Kusema hapana ni kazi ndogo, hata mtoto anaweza. Yeye, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka thelathini na mitano, akakohoa, akasema siku hizi watu wanasafiri.

Ikawa hivyo. Mujuni, katibu wa chama cha ushirika, akaagiza karafuu. Ma Vestina, jirani yao mwenye mguu unaouma, aliambiwa na mtu kuwa maji ya bahari ni dawa, akaleta chupa tupu iliyooshwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa. Joackim aliipokea chupa kwa mikono miwili. Kila siku aliamka akijiambia kuwa leo atasahihisha, na kila siku mtu alimkuta njiani na kumwita "msafiri", na yeye akagundua kuwa neno lile analipenda kuliko alivyodhani.

Gaudiosa hakujua lolote mpaka Jumapili ya mwisho kabla ya safari, padri alipowataja kanisani wazee wawili wanaokwenda Zanzibar, akawaombea heri angani na majini. Watu wakapiga makofi. Joackim akasimama na kuinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Gaudiosa alibaki ameketi.

"Tunakwenda Zanzibar?" akamuuliza polepole.

"Tusiongee kanisani," akajibu Joackim.

Nyumbani walizungumza. Gaudiosa hakugomba. Alisema katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa wamesafiri pamoja mara nyingi, na mara zote walikuwa wanakwenda msibani au harusini. Safari hii anataka kukaa mahali ambapo chakula kinaletwa na mtu mwingine, na kuingia ziwani mpaka kiunoni. Mambo ya Zanzibar ni ya mzee mwenyewe, atajua atakavyoyamaliza.

Waliondoka Ijumaa asubuhi. Hoteli ilikuwa nzuri kuliko picha alizotuma Jovitha. Chumba namba tisa kilitazama ziwa, na kwenye kila mto kulikuwa na taulo lililokunjwa likafanana na bata. Gaudiosa alikataa kuyakunjua. Joackim akavaa kaptura yenye maua aliyonunuliwa na binti yake, akateremka kwenda kutafuta kiti cha kukalia mchangani.

Hakufika kwenye mchanga. Mlangoni mwa ukumbi wa hoteli kulibandikwa karatasi: semina ya makatibu wa vyama vya ushirika, siku mbili. Na kando ya karatasi, akiwa na kitambulisho shingoni na kikombe mkononi, alisimama Mujuni.

Joackim baadaye alisema hakujua kuwa miguu yake bado ina mbio zile. Alijikuta nyuma ya chungu kikubwa cha maua, amechuchumaa, huku dada wa mapokezi akimuuliza kwa adabu kama amepoteza kitu. Akasema hapana, akapanda ngazi akiwa ameinama, akajifungia.

Ijumaa yote aliitumia chumbani. Aliliona ziwa kupitia mwanya wa pazia, upana wa vidole viwili. Gaudiosa alimwahidi kuwa hatatoboa siri yake, ila akaweka wazi kwamba yeye hajifichi, maana hakumdanganya mtu. Akachukua kanga yake akashuka. Kupitia mwanya Joackim alimwona mkewe akitembea pembezoni mwa maji, akiinua gauni kidogo, akiliteremsha, akiliinua tena. Alimwona ameletewa samaki aina ya sato, mzima, na ndizi pembeni. Yeye alikula biskuti zilizokuwa juu ya friji ndogo, zote nne.

Jumamosi asubuhi wazo la chupa likamjia. Kwa kuwa ameshaharibu, akafikiri, basi aharibu kwa mpangilio. Alijaza maji ya bombani kwenye chupa ya Ma Vestina, akakoroga chumvi ambayo Gaudiosa alikuwa amebeba kwa ajili ya mayai, akaonja. Hakuwahi kuonja bahari, kwa hiyo hakujua kama imekolea. Akaongeza kidogo. Alikuwa ameshika chupa hiyo mdomoni, na ile kaptura ya maua bado mwilini, Gaudiosa alipoingia. Mkewe alimtazama, akatazama chupa, akaketi kitandani.

Akasema amekutana na Mujuni kwenye chai.

"Umemwambia nini?"

"Aliniuliza kama si tulikwenda Zanzibar. Nikamwambia wewe ndiye uliyekwenda. Mimi nimebaki hapa."

Gaudiosa akaendelea kwa sauti ile ile ya kueleza mambo ya jikoni. Mumewe alitaka asemwe kuwa hayupo Bukoba, naye amesema hayupo. Kama hayupo Bukoba, lazima awe mahali fulani.

Simu ya Joackim ikaita. Alikuwa Protase, kaka mkubwa wa Gaudiosa, mtu ambaye hupiga simu mara mbili kwa mwaka. Hakusalimia kwa urefu. Alisema wamesikia kutoka kwa Mujuni kuwa shemeji amemwacha dada yao kwenye hoteli ya Bukoba, peke yake, yeye akapanda ndege. Wazee wa ukoo wanakutana jioni.

"Uko na nani huko?" akauliza.

Joackim alimtazama Gaudiosa. Ndiye aliyekuwa naye, amejaa mchanga kwenye vidole vya miguu, na asingeweza kumtaja. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Alikaa na chupa mapajani. Hesabu haikuwa ngumu. Akitoka nje ni mwongo. Akibaki ndani ni mzee wa miaka sitini na saba aliyemtelekeza mkewe na kumfuata mtu visiwani. La kwanza aliliona ni la kweli, na la pili, kwa aibu yake, lilikuwa na sifa kidogo ndani yake. Alipogundua kuwa ameliwaza hilo, akainuka, akamwaga maji ya chumvi bafuni, akashuka.

Watu wa semina walikuwa nje, wanapumzika. Mujuni alimwona, akaweka chini andazi lake, akamwita kwa heshima.

"Ta Joackim. Umerudi saa hizi?"

Na hapo, waitu, ndugu zangu, mlango mwingine ukafunguka. Ndege ya asubuhi. Angeweza kabisa. Ulimi wake ulikuwa umeshajipanga.

"Sijaenda," akasema. "Tangu jana niko chumba namba tisa, nyuma ya pazia."

Mujuni aliitazama ile kaptura kutoka juu mpaka chini. Akauliza kwa nini.

"Mlipiga makofi," akasema Joackim.

Aliyeanza kucheka hakuwa Mujuni. Alikuwa mama mmoja wa chama kingine, ambaye hata hakumjua, na kicheko chake kikawabeba wengine wote, mpaka Joackim mwenyewe. Mujuni akampigia Protase palepale, akaeleza, akampa Joackim simu. Protase akauliza kama chakula cha hapo ni kizuri. Joackim akajibu hajui, bado hajakila.

Mchana ule alikula sato wawili. Jioni Gaudiosa akamshika mkono mbele ya semina nzima, wakaingia ziwani. Kwa miaka thelathini na mitano Joackim alikuwa amelichora ziwa hilo ubaoni, pamoja na visiwa vyake na mito yake, na halikuwahi kumpita magoti. Maji yalipofika kiunoni akalalamika kuwa ni baridi. Gaudiosa alimwambia asimame tu, yatazoeleka. Walisimama mpaka yakazoeleka.

Kagoma waliicheka habari hiyo mpaka mvua za vuli. Joackim aliamua kuisimulia yeye mwenyewe, akihofia wengine wataongeza chumvi. Siku jumuiya ilipokutana kwake aliisimulia yote, chungu cha maua, biskuti, kila kitu, na watu wakamgeukia Gaudiosa kumuuliza kama ni kweli ilikuwa hivyo.

"Amepunguza," akasema Gaudiosa, na kuendelea kugawa chai.