Gego la Binti wa Fundi Cherehani

"Jino la utoto nikiliziba mimi, litang'oka siku yake ikifika, na kizibo litaondoka nacho." Hayo Daktari Kicheko aliwaambia wenzake Jumatatu. Jumatano kizibo kilirudi kliniki peke yake, kimefungwa kwenye kitambaa cha maua, mkononi mwa binti wa fundi cherehani, mwenye miaka saba na gego lenye shimo.

Jina la Kicheko alipewa na watoto. Hakuna aliyelala kwenye kiti chake asicheke, naye alijivunia hilo kuliko cheti. Wiki hiyo mkuu wa kliniki, mama asiyecheka hata umtekenye, alikuwa anaamua: amwachie kiti cha watoto peke yake, au amrudishe kuwashikia wenzake bomba la kufyonza mate. Fomu ya kumwachia kiti ilikuwa mezani, bado sahihi tu.

Mkuu alikigeuza kizibo kwenye taa. Chini kilikuwa laini kama sahani iliyolambwa. Akasema gundi haikushika kabisa, na gundi na mate ni paka na panya. Akauliza kama gego lililowa kabla ya gundi.

"Halikulowa, Mama. Lilikuwa kavu kama chaki."

Kicheko akaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba watoto na tofi wanajulikana. Fundi cherehani, aliyemleta binti, akajibu kwamba tofi hazijakanyaga kwake tangu jino litoboke. Kicheko akahamia kwenye barafu. Barafu nayo haikuwepo. Akataja penseli, maana mtoto gani hatafuni penseli?

Mkuu akaguna, akaivuta fomu, akafungua kalamu. Kicheko akaanza kuvuta pumzi.

"Anko," binti akasema, "si ulinisimulia ya mbuzi aliyevaa miwani?"

Kicheko akakohoa. Mkuu akamwambia mtoto aendelee.

"Nikacheka, pamba ikachomoka, mate yakajaa. Ukasema jino likilowa tunaanza upya, dawa, kuosha, kukausha. Halafu ukaangalia saa, ukalifuta na pamba, ukapaka gundi. Ukaniambia hiyo ni siri yetu."

Mkuu akafunga kalamu. Akavaa glavu, akavuta kiti cha daktari akakikalia yeye, na bomba la mate akamkabidhi Kicheko bila kumtazama.

"Fungua mdomo, mwanangu," akamwambia binti. "Na wewe, Kicheko, funga wako."