Taji Upande wa Chini

Patrick Lyall alikuwa na jiwe la kaburi kabla hajawa maiti. Liliegemea ukuta wa karakana ya Hew mchongaji, jekundu, pana kama mlango: chini fuvu na saa ya mchanga, juu nyundo iliyovikwa taji. Jina tu ndilo lilikuwa halijachongwa. Nyundo ni ya kila mhunzi; taji ni la waliokubaliwa na chama, na Lyall ndiye mkuu wa chama. Mjini hapo hata asiyejua herufi aliweza kulisoma.

Lakini aliyekufa alikuwa Ninian Rait, mhunzi wa ng'ambo ya daraja, aliyefua chuma maisha yake yote kwa kujificha kama mwizi. Siku ya mtihani wake wa kuingia chama, Lyall aliuzungusha ufunguo katika kufuli alilolitengeneza Ninian, akasema linakwama. Halikukwama. Lilikuwa zuri kuliko lolote alilowahi kulitengeneza yeye, na wivu ulimkaba. Kufuli hilohilo ndilo lililofunga sanduku la unga wa shayiri nyumbani kwa Lyall mpaka leo. Kila asubuhi lilifunguka bila kelele, na uji ukamshinda kumeza.

Karakanani kwa Hew, Lyall alimkuta Grizel, mjane wa Ninian.

"Nyundo tu, Hew," alikuwa akisema. "Bila taji. Tusije tukashtakiwa mpaka makaburini."

"Bi Grizel," Lyall akasema, "chukua jiwe langu. Chama nitakijibu mimi."

Grizel alimtazama. "Kichwa kinaoza, ndipo unaleta kofia?"

"Nilimkosea. Kufuli halikukwama."

"Tulijua, Mkuu. Ninian alikuwa akicheka: mzee kalikataa, mbona hajalirudisha?"

Lyall aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angependa atukanwe; kicheko cha marehemu kilimuuma zaidi.

"Jiwe nalichukua," Grizel akasema. "Hew, ligeuze. Nyundo yangu ichonge mgongoni."

"Na taji je, mama?"

"Lielekee chini. Ninian atalijua. Hawa wengine wakitaka kulijua, yupo wa kuwaambia." Akamgeukia Lyall.

Walililaza juu ya kaburi Jumamosi, Lyall mwenyewe akishika pembe moja. Aliliona taji likishuka udongoni, akadhani mzigo wake umeshuka nalo. Usiku huo alilala vizuri.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, Bibi Euphan, mke wa mwokaji mikate, alisimama mbele ya kaburi akatikisa kichwa.

"Nyundo kavu! Maskini Rait. Ila mtu huvuna alichopanda. Kazi yake haikufaa. Kufuli lake si lilikwama, Mkuu?"

Watu wakapunguza mwendo wamsikie. Grizel alikuwa amepiga magoti akipangusa udongo kwenye jiwe. Hakuinua uso, ila mkono wake ukatulia.

Lyall alivua kofia.

"Bibi Euphan," akaanza.