Upande wa Kulia wa Nyumba

Mume wangu Nkwabi alipofariki, mwaka ule wa uhuru, nilifanya kosa.

Nyumba yetu ya Igoma ilipangwa kama wanavyopanga watu wa kwao. Ukiingia, kulia ni upande wa joto, wa mwanamume: mafiga, kigoda chake na mkuki. Kushoto ni upande wa ubaridi, wa mwanamke: mtungi wa maji na kitanda. Joto likizidi, watu hugombana. Ubaridi ukizidi, hunyauka. Lakini mimi sikuweza kukitazama kile kigoda. Nikatoa kila kitu cha kulia, nikawa napika nje.

Mwezi uliofuata, binti yetu Paskazia, wa miaka minne, akaacha kula. Shemeji yangu Mayala akavuka ziwa kutoka Sengerema pamoja na mama yao, Mhoja. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, humu mna baridi ya kaburi. Mtoto wa kaka yangu hawezi kukulia humu. Namchukua."

Mama mkwe akamvuta shati. "We Mayala, nyumba haiponi kwa kelele. Niachie siku saba niipatanishe. Ukirudi ukaikuta bado baridi, mchukue."

"Saba tu, mama."

Mama hakunigombeza, wala hakuniuliza kwa nini. Aliyarudisha mafiga kwa mikono yake, akawasha moto. Kigoda alisubiri niende kisimani ndipo akakiingiza, nisimwone akikibeba. Jioni akatandika mkeka kulia, kando ya majivu, akikohoa kwa moshi.

"Mama, panda kitandani. Huko nitalala mimi."

"Wewe ni maji, mwanangu. Maji yakilala jikoni, tutakula nini? Mimi mzee, sijui tena kama ni mke au mume. Joto litanipokea."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku ya nne Paskazia aliomba uji. Siku ya sita alimaliza ugali wake na dagaa, akafuta bakuli kwa kidole.

Siku ya saba Mayala akaja. Safari hii aliingia, akanyoosha mikono motoni, akamtazama mtoto.

"Joto lipo," akasema.

Kisha akauona mkeka. "Nani analala hapa?"

Mama angeweza kudanganya. Alinitazama kwanza. "Mimi."

"Na baba kule, na upofu wake, nani anamshika mkono?"

Mama akainama, akaanza kuukunja mkeka.

"Lazima urudi, mama. Na ukivuka, joto hili linavuka nawe."

Ningepigana naye kama nisingeamini maneno hayo. Niliyaamini. Nikakunja magauni mawili ya mwanangu, nikampa mama.

"Atalala ubavuni kwangu," akaninong'oneza. "Kila sikukuu nitamleta."

Gatini mvua ilianza. Mayala, mtu wa maneno makali, alivua koti lake, akamfunika mtoto hadi kichwani, yeye akabaki analoa na shati lake jeupe. Niliona jinsi alivyomshika akipanda naye chomboni, kama mtu aliyebeba mayai.

Paskazia akatoa mkono nje ya koti, akawa ananiita kwa vidole nifanye haraka nipande, chombo kisije kikaniacha.