Mlango wa Mizani

Tangu alfajiri Samata hakumpa mwanawe hata tone. Ujumbe wa hospitali ya wilaya ulikuwa wazi: mtoto afike tumbo tupu. Wunpini, mwenye miezi mitano, mdomo uliopasuka na kaakaa lililo wazi, alikuwa amelia tangu walipoteremka kwenye lori la mahindi.

“Sauti hiyo!” mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alicheka. “Daktari wa kufundisha kusema kazi hana kwako, mwenzangu. Huyu tayari ni mhubiri.”

Timu ya upasuaji ilikuja mara moja kila baada ya miezi minne, na kila mjumbe wake alikuwa na mlango wake. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Sista Azara na mizani.

“Kilo nne na gramu mia nne,” alisema. “Zinatakiwa nne na nusu. Gramu mia tu, mama! Kamnyweshe, urudi nimpime tena.”

“Sista, si tuliambiwa asile?”

“Nani kakwambia? Hapa ni uzito. Ya usingizi waulize wa usingizi. Unataka nimkate jina?”

Samata hakutaka akatwe jina. Aliketi kwenye ngazi, akakamua maziwa yake kikombeni, akamnywesha kijiko baada ya kijiko, akifuta yale yaliyotokea puani. Alifuta kidogo na kunywesha tena, hadi kikombe kikaisha mara mbili. Ilipotimu saa nne mizani ilisoma kilo nne na nusu. Azara akatia sahihi, akatabasamu.

Mlango wa pili walimtoa mtoto damu, wakaridhika nayo. Mlango wa tatu alikuwamo Bwana Napari, mtaalamu wa dawa ya usingizi.

“Mara ya mwisho amekula lini?”

Samata alijua jibu lililotakiwa. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala fofofo kwa shibe, kisha akasema kweli.

“Sasa hivi.”

Napari aliweka kalamu chini. “Nikimlaza hivi, maziwa yatapanda yaingie mapafuni. Atakufa mikononi mwangu. Lazima yapite masaa manne kamili tangu ale.”

“Nitangoja.”

“Saa nane sisi tuko barabarani, dada. Pole sana.”

Alirudishwa mlango wa kwanza. Azara alikuwa ameshajaza fomu ya kuahirishwa, akaisukuma mezani bila kuinua uso.

“Tia sahihi hapo, uingie orodha ya mwezi wa sita. Bila sahihi, hakuna nafasi.”

Samata aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Sababu: *Mama hakufuata maagizo.*

“Sista, haya si kweli.”

“Ni maneno ya fomu tu. Hata hivyo wengi huweka dole gumba.”

Akashika kalamu. Aliandika jina lake lote, maana nafasi ya mtoto ilikuwa pale. Azara alipoinyooshea mkono karatasi, Samata aliibana kwa kiwiko, akaandika polepole chini ya jina, kwa herufi kubwa: SISTA WA MIZANI ALINIAMBIA NIMNYWESHE.

Azara aliisoma. Akafungua droo, akaifunga. Fomu nyingine haikuwamo.

“Unadhani nani atakaa asome haya?”

“Wewe umeshasoma,” Samata alisema, akamfunga mwanawe mgongoni.