Bihogo wa Farasi Arobaini

Béatha alijua ni injini gani ingeifaa boti yao hata kabla boti yenyewe haijapigwa msumari wa mwisho. Silvère, mumewe, alijua. Bertrand, muuza injini wa mtaa wa Gikondo, alijua kuwashinda wote wawili. Watu watatu wenye akili timamu walijua, na ndiyo maana hadi leo akikumbuka yaliyotokea nyongo humpanda hadi kooni.

Boti ilikuwa ndogo, ya chini bapa, kazi ya mikono ya Silvère. Yeye ni seremala aliyekulia Bujumbura, miguu yake ikichezea ziwa, na miaka yote ya Kigali alikuwa akiwatengenezea watu vitanda na makabati huku akiwaza maji. Walitaka kuipeleka ziwa Muhazi, ivushe watu na mikungu ya ndizi siku za kazi, na Jumapili itembeze wageni wa mjini. Béatha alikuwa akishona nguo barazani mwa duka moja huko huko Gikondo. Aliuza cherehani zake mbili. Moja iligeuka mbao na misumari, na fedha ya ile nyingine ilikaa ikingoja injini.

Walikwenda kwa Bertrand pamoja, kama watu wanaokwenda kumposea mtoto wao. Bertrand hakuwa muuzaji wa kumsukumia mteja kitu. Aliuliza boti ina urefu gani, ubao wa nyuma wa kufungia injini una kimo gani, itabeba nini na itapita wapi, halafu akawaonyesha injini ndogo iliyokuwa pembeni.

"Muhazi iko majani mengi huko pembeni," alisema. "Na boti yenu iko bapa, haizami sana. Mukamate hii ya nguvu ya farasi nane, mguu mufupi. Mutu mumoja anaibeba kwa bega. Mukiweka ya mguu murefu itakuwa inalima matope tu, mutafikiri muko munapanda viazi."

Silvère alicheka hadi machozi. Alipima kimo cha mguu wa injini kwa kiganja, akapima tena, akamtazama mkewe kwa furaha ambayo Béatha hakuwa ameiona usoni mwake tangu binti yao Ihirwe azaliwe. Wakaagana na Bertrand kwamba watarudi Jumatatu.

Bahati mbaya, kabla ya Jumatatu huja Jumamosi, na Jumamosi ile Léonce alikuwa anafungua nyumba yake mpya Ndera.

Léonce ni kaka mkubwa wa Silvère. Anaishi Ubelgiji, na kila akija likizo hutembea na mkono mpana na sauti pana kuliko mkono. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalomuumiza Béatha zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungemchukia ukapumua. Watu walipokwisha kula, Léonce alisimama, akasema mdogo wake amejenga boti na boti bila injini ni beseni la kuogea. Vijana wawili wakaleta kitu kimefunikwa kitenge, wanatembea wamepinda migongo kwa uzito. Kitenge kikavutwa. Ilikuwa injini ya farasi arobaini, nyeusi, inang'aa, mguu mrefu kama wa korongo.

Béatha aligeuka. Alimtazama Silvère, naye Silvère alikuwa akiutazama ule mguu.

"Silvère, nakugabia hii!" Léonce alitangaza. "Zamani ingekuwa ng'ombe. Leo ng'ombe inakunywa petroli!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hapo ndipo shangazi yao Pudentienne alipoinuka, mama wa miaka themanini na ushee ambaye kwake ng'ombe si jambo la kuchekea. Akaizunguka ile injini, akaisifu pembe na ngozi, akaipa jina la ng'ombe: Bihogo. Vigelegele vikajaa nyumba. Na Silvère, kama inavyompasa mwanamume aliyegabiwa, akainua mikono akapaza sauti: "Yampaye inka Léonce!" Amenipa ng'ombe Léonce. Sauti yake ilitetemeka, watu wakadhani ni furaha.

Asiyejua mambo haya ataona ni mchezo. Lakini ng'ombe wa kugabiwa, yaani wa kupewa zawadi mbele ya ukoo, ni neno zito. Aliyekugabia utaapa kwa jina lake hadi uzeeke. Humuuzi ng'ombe yule, humbadilishi, wala husemi ana pembe mbaya. Ukitaka kumwachia, umwombe ruhusa aliyekupa, na kuomba ruhusa mapema hivyo ni sawa na kumtemea mate usoni mbele ya ukoo mzima.

Jumatatu Béatha alikwenda kwa Bertrand peke yake.

"Mama Ihirwe, ni mimi nilimuuzia," Bertrand alikiri, akijikuna shingo. "Nilimuuliza boti iko namna gani. Akasema weka kubwa, mudogo wangu asipate haya. Muirudishe kabla haijaingia mu maji, nitawapa ile ndogo na feza inayobaki. Lakini yeye aliyenunua anipigie simu. Ni simu moja tu, Mama."

Simu moja tu. Béatha alirudi nyumbani mbio, karibu aimbe njiani. Silvère alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kupiga randa.

"Nitamwambia nini mukubwa wangu?" aliuliza. "Ati ng'ombe yake haienei mu zizi yangu?"

"Umwambie boti iko ndogo. Kuuliza si ujinga, Baba Ihirwe."

"Shangazi ameshaipa jina."

"Basi shangazi apande nayo!"

Silvère akainamia tena randa yake, na hapo mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Béatha akapiga moyo konde. Alisubiri mumewe ashughulike na mbao kwenye kibanda chake, akampigia Léonce mwenyewe. Simu ikalia, ikapokelewa, sauti ile pana ikaitika kwa furaha. Béatha alikuwa amefungua kinywa, neno la kwanza limeshafika ulimini, alipomwona Silvère mlangoni. Maranda yalikuwa yamemjaa nyweleni. Hakukunja uso wala hakuinua mkono. Alimtazama tu, kama mtu anayeomba asivuliwe nguo sokoni.

"Nilikuwa nakusalimia tu, shemeji," Béatha alisema.

Alipokata simu, Silvère alimwambia asante. Laiti angemtukana.

Yaliyofuata yalifuata kama punda anayejua njia. Aliyegabiwa ng'ombe hupeleka pombe ya shukrani, na ukoo ule ukipelekewa pombe hauji kwa mafungu, huja wote. Silvère aliomba zile fedha zilizokuwa zikingoja injini. "Si injini tunayo?" alisema, bila kumtazama. Hivyo cherehani ya pili ya Béatha ilinyweka Ndera alasiri moja, kreti baada ya kreti, na Béatha mwenyewe akizungusha chupa na kutabasamu hadi mashavu yakamuuma. Walikuwa wanashukuru kwa fedha ya injini iliyofaa, kwa ajili ya injini isiyofaa. Alitamani kucheka akashindwa.

Silvère alifanya alichoweza. Aliuongezea kimo ule ubao wa nyuma kwa kipande cha mbao, kazi safi isiyoonyesha kiungio, na puani mwa boti akaweka magunia ya mchanga ili Bihogo asiizamishe kitako. Kwa macho ilipendeza. Béatha aliishika ile mbao iliyoungwa akajua haitahimili, na Silvère alimwona anajua.

Siku ikafika ya kumwonyesha aliyegabia ng'ombe wake. Léonce alikuja Muhazi na magari matatu ya ndugu, shangazi Pudentienne akiwa kiti cha mbele. Silvère alivaa jaketi la kuokolea, akaingia peke yake. Maji yalikuwa chini ya ukingo wa nyuma kwa upana wa vidole tu. Alianza polepole, injini ikinguruma kwa hasira ya kuzuiwa, propela ikirusha tope na majani. Alipotoka kwenye matete, watu walipiga makofi.

"Ongeza, sha!" Léonce alipiga kelele toka ufukweni, simu mkononi akirekodi. "Farasi arobaini hizo! Zipe mbio!"

Silvère hajawahi kumkatalia kaka yake tangu wakiwa watoto. Akaongeza. Pua ya boti ikainuka kuelekea mbinguni, magunia ya mchanga yakateleza yote hadi nyuma, miguuni pake. Akashtuka, akakata mbio ghafla, na wimbi lake mwenyewe likamfuata kwa nyuma likapanda ndani. Béatha alisikia mbao ikilia. Bihogo akainama kinyumenyume, akang'oka na ubao wote wa nyuma kama jino na ufizi wake, na boti ikakaa chini majini bila haraka.

Wavuvi wawili walimtoa Silvère. Boti waliivuta baadaye kwa kamba, imepasuka mbao tatu, nyuma wazi kama nyumba iliyobomolewa. Injini ilibaki topeni.

Léonce alikuja mbio, viatu vyake vya Ulaya vimelowa, na machozi yalikuwa machoni mwake. Machozi ya kweli. Alimkumbatia mdogo wake. Silvère, akitetemeka kwa baridi, akasema polepole kwamba mguu ulikuwa mrefu na uzito ulizidi boti.

Léonce akamwachia. "Ulijua?"

Silvère akainamisha kichwa.

"Lakini ile ilikuwa mashine tu, Silvère! Maneno ya ng'ombe nilikuwa nacheka. Mungenipigia simu, ningebadilisha siku ile ile." Akageuka, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Na wewe, Mama Ihirwe, si ulinipigia?"

Ndugu wote wakamtazama. Shangazi Pudentienne alikuwa amekaza mikono juu ya fimbo yake. Silvère hakuinua kichwa, lakini Béatha aliliona jicho lake likimtafuta, jicho lile lile la mlangoni, na akamchukia, akamhurumia, akajichukia mwenyewe kuliko wote.

"Yego, shemeji," alikubali. "Nilikusalimia."