Kisahani Chenye Ua

Mwaka jana daktari alinitoa kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya mchele, mjukuu wangu akakipeleka maabara anakofanya kazi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini alinieleza taratibu mpaka nikaelewa. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Zinagawanyika, zinagawanyika, mwisho zinachoka. Nyingine zikichoka hazifi. Zinakaa palepale zikiwachokoza jirani zao, na huko maabara wanachunguza kama ndipo maradhi ya uzeeni yanapopata mwanya, ya moyo na ya magoti.

"Kama mimi tu," nikamwambia. "Nimestaafu, siondoki, na majirani nawagombeza."

"Bibi wewe!"

Siku aliyonipeleka kuona, alinivika koti jeupe lililonifika visiginoni. Mezani palikuwa na visahani ishirini vya plastiki, kila kimoja na namba yake. Majina hayaandikwi, akasema, ili anayehesabu asijue ni seli za nani akapendelea. Seli zilizozeeka zikitiwa dawa hugeuka buluu, naye huhesabu ni ngapi katika kila mia.

"Zangu ziko wapi?" Niliuliza kwa utani tu.

Akanyoosha kidole kabla sijafunga mdomo. Namba kumi na saba. Pembeni mwa mfuniko palikuwa na ua dogo la wino mwekundu.

"Si umesema hamjui?"

Akalifunika ua kwa kidole. Nikaomba nichungulie kwenye hadubini. Kuhesabu ndiko nilikotoka nako shule, na haraka sina. Karatasi yake ilisema arobaini na moja. Mimi nikapata hamsini na nane.

"Hizi zilizopauka umeziacha?"

"Hazijakolea vizuri, Bibi."

"Kwenye visahani vya wenzangu unaziacha pia?"

Akatazama viatu vyake. "Nazihesabu."

"Ala! Mke mwenzangu, unaniibia uzee wangu?"

Nilidhani atacheka. Machozi yakamtoka. "Kila nikiona ya buluu naona siku zako zinapungua. Sikukusudia, mkono ulizipita tu. Na ripoti inaondoka Ijumaa. Nikimwambia Mkuu wa maabara, atanitoa kwenye utafiti huu."

Miaka minne ameuhangaikia utafiti huo. Nikamfuta uso kwa kitambaa changu.

"Usipomwambia, kuna bibi wa mtu atatibiwa kwa hesabu ya mapenzi. Nihesabu nilivyo, mwanangu. Buluu yangu nimeitafuta mwenyewe."

Akaenda. Nikakaa kwenye kigoda kirefu, miguu ikining'inia, nikisikia sauti ya Mkuu ikipanda nyuma ya mlango. Nusu saa nzima.

Alirudi macho mekundu. Ripoti imeahirishwa, visahani vyote vitapewa namba mpya, na mwenzake ndiye atakayehesabu. Yeye ataosha vyombo na kulisha seli mpaka aaminike tena.

"Hakukufukuza?"

"Hakunifukuza. Kasema angekuwa na bibi anayejua kuhesabu hivyo, angemwajiri."

Akachovya pamba kwenye spiriti, akalifuta lile ua, akasugua mpaka mfuniko ukang'aa. Kisha akachukua kalamu ileile nyekundu, akanivuta mkono, akanichorea ua jingine juu ya kovu langu.

Siku tatu nilioga kwa mkono mmoja.