Kumbikumbi wa Kituo cha Walimu

Kila Ijumaa ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, Mwalimu Ursula Masatu aliwaachia watoto wa darasa la nne zoezi la kunakili, akavuka uwanja wa shule, akasimama kwenye dirisha la Kituo cha Walimu kutazama vitabu. Mgongoni alikuwa na mwanawe Robi, wa miezi minane. Dirisha lilikuwa na nondo, nyuma ya nondo wavu, nyuma ya wavu kioo, kwa hiyo alichoweza kusoma ni migongo ya vitabu tu. Migongo yote mia nne na kumi na miwili alikuwa ameshaisoma. Alichokipenda zaidi kilikuwa rafu ya pili, cha kijani, cha kufundisha hisabati darasa la tatu na la nne. Hakuwahi kukishika.

Kituo kilijengwa na wafadhili miaka minne nyuma, nyuma ya Shule ya Msingi Kisorwa, kule Guta, ili walimu wa vijiji vya jirani wapate mahali pa kujiendeleza. Jengo zuri. Lina sakafu ya saruji, wakati madarasa ya shule yana vumbi na funza. Ufunguo alikuwa nao Mratibu wa Elimu, Bwana Clementi, ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na sababu ya kutofungua aliieleza kila mkutano bila kuona haya.

"Wafadhili wanakujaga kila mwaka kuangalia vitabu," aliwaambia walimu. "Wakivikuta vipya wanafurahi. Wakifurahi wanaleta vingine. Sasa ninyi mnataka wakute masizi ya majiko yenu kwenye kurasa? Mtatuaibisha."

Kwa miaka minne vitabu vilikutwa vipya, na wafadhili waliandika kwamba Kituo kile kinatunzwa kuliko vyote walivyowahi kujenga.

Ursula alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Alimaliza la saba, akapewa chaki, akaambiwa afundishe huku akijifunza. Kufundisha kulikuja mara moja. Kujifunza alikungoja miaka kumi na minne. Alijua watoto wake wanakwamia kwenye sehemu na desimali, na alijua wanakwamia hapo kwa sababu na yeye amekwamia hapohapo. Jambo hilo lilimuumiza kuliko mshahara. Halafu, mwaka wa tisini na mbili, ukaja ule wakati wa kupunguza watu makazini, na waraka ukabandikwa ukutani kwa gundi ya ugali: kila mwalimu wa daraja la chini afanye mtihani wa kupanda daraja mwezi wa kumi na mbili, Musoma mjini, na kabla ya mwezi huo kwisha alete fomu iliyosainiwa na Mratibu kuonyesha amepata mafunzo wapi. Atakayekosa kimoja kati ya hivyo viwili atapumzishwa.

Kuwaandaa walimu, kulitangazwa semina ya siku tano katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Kata ilipewa nafasi tatu. Akaenda Mratibu. Akaenda mke wake Dorotea, ambaye anauza vitenge. Nafasi ya tatu alipewa Burito, shemeji yake Dorotea, ambaye ni fundi baiskeli, lakini alisema anawapendaga sana watoto. Walirudi wamenenepa kwa sato wa kuchoma, kila mmoja ana mkoba, kalamu mbili na cheti chenye mhuri.

Ursula aliandika barua kuomba kitabu cha kijani kwa siku mbili. Alijibiwa kwamba vitabu vitaanza kutumika mara tu walimu watakapokuwa wamefundishwa namna ya kuvitumia.

Mchwa waliingia Kituoni mwezi wa tisa, kupitia ufa wa sakafu, bila kuandika barua. Walianza na rafu za chini wakapanda. Walikula kwa adabu, kutokea ndani kwenda nje, wakaacha majalada yamesimama wima kama askari. Mlinzi, mzee Magesa, alisikia kila jioni sauti kama ya watu wengi wanaofunua kurasa pamoja, akaenda kumwambia Mratibu.

"Mle ndani kuna wanaosoma," alisema.

Mratibu alifungua mlango kiasi cha kuingiza pua. "Vimesimama," alisema, akafunga.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikaacha, jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kumiminika chini ya mlango wa Kituo. Mabawa yao yalikuwa na maandishi, herufi ndogo nyeusi, zimepangwa vizuri. Watu wa Guta hawakulijali hilo, maana bawa la kumbikumbi halina kazi, hukatwa likatupwa. Wanawake walikuja na mabeseni na masufuria. Kuku nao walikuja.

"Mama Robi, njoo upande huu," aliita Marcelina, jirani yake Ursula. "Hao wa mlangoni ni utangulizi mtupu. Huku ukutani wamenona."

"Na wewe mfukuze huyo kuku wako, anatumaliza!" alisema Ursula.

"Mwache naye. Si mkazi wa kata hii?"

Mke wa Mratibu alipita na kitenge chake kipya, akatazama, akaendelea na safari. Nyumbani kwa Mratibu waliachaga kula kumbikumbi tangu bwana alipopata cheo. Walisema ni chakula cha washamba.

Ursula aliwakaanga bila mafuta, akatia chumvi. Alipokula konzi ya tatu akawa anajua kuzidisha sehemu kwa sehemu, na kwa nini jibu linakuwa dogo wakati neno ni kuzidisha, jambo lililokuwa limemkera tangu utotoni. Maarifa hayakuja kwa mpangilio. Ulitangulia ukurasa wa sitini na moja, ukafuata wa nane, halafu picha ya mtoto ameshika chungwa. Alikaa kwenye kigoda akitafuna polepole mpaka ukurasa wa mwisho, ambao ulikuwa jina la kiwanda kilichochapa, akaosha sufuria.

Sura ya nne, ya desimali, haikuwamo. Ilikuwa imeliwa na kuku wa Marcelina. Kesho yake Ursula alipeleka pumba, akakaa uani kwa Marcelina saa nzima akimtazama yule kuku akiwagawia vifaranga wake kumi mchwa mmoja mmoja, akirudia pale walipokosea, bila kumdonoa hata mmoja.

"Anafundisha vizuri," alisema Ursula.

"Anafundisha, ila hatagi tena," alisema Marcelina. "Anasema hana muda."

Darasa la nne lilikuwa na watoto sabini na wanane. Ursula aliingia na mihogo mitatu na kisu, akawapanga watoto katika makundi, akawaacha wakate, wagombane, wakubaliane. Mtoto mmoja, Kija, ambaye tangu la kwanza hakuwahi kusoma zaidi ya jina lake, siku ya Jumanne alisimama akasoma ubaoni sentensi tatu, akaketi. Nyumbani Robi, aliyekuwa akinyonya, alianza kupanga maharage matatu matatu na kuyasukuma pembeni yaliyobaki. Ursula alimbusu tumboni, akampa mengine.

Basi habari ikaenea. Wachuuzi wakaja kuzoa waliobaki, kwa kuwa zama zile kila kitu kilikuwa kimeanza kuuzwa. Sokoni Bunda walipimwa kwa kikombe, hisabati bei juu, uraia bei ya chini kwa sababu walikuwa wachungu. Mzee Mayala wa Mugeta, mkulima wa pamba, alinunua vikombe viwili bila kuuliza ni vya somo gani, akaamka anazijua hatua zote za ukuaji wa akili ya mtoto. Kwa kuwa watoto wake walishakua, alizitumia kwa ndama.

Ursula alikwenda Musoma mjini, akafikia mtaa wa Makoko kwa shangazi yake, akafanya mtihani, akarudi. Swali la desimali alilijibu sawasawa kama kuku alivyoonyesha. Majibu yalipotoka alikuwa na tisini na moja kwa mia, wa kwanza kati ya wote waliofanya siku ile. Ilibaki fomu. Akaipeleka kwa Mratibu, wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi.

"Shikamoo Mratibu."

"Marahaba mwalimu. Tisini na moja! Umetutoa kimasomaso. Hapa panauliza umepata mafunzo wapi. Ulisoma wapi?"

"Hapa Kituoni."

"Kituoni hajaingia mtu. Daftari la wageni hili hapa, jeupe."

"Sikuingia. Nilikula kumbikumbi wa pale."

Mratibu hakushangaa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. "Wa rafu ya ngapi?"

"Ya pili. Na kidogo wa chini."

"Kwa hiyo umetumia vitabu."

"Mchwa ndio waliovitumia, Mratibu. Mimi nimefuata."

"Sasa sikiliza, mwalimu. Nikisaini kwamba umesoma Kituoni, nimesaini kwamba vitabu vimetumika. Nikisaini kwamba vimetumika, wafadhili wanaokuja Jumatatu wataniuliza viko wapi. Na vitabu vipo. Vimesimama, nenda dirishani uone. Kama vipo, wewe hujavisoma."

"Lakini nimefaulu."

"Kufaulu umefaulu, hilo sikatai," alisema Mratibu kwa upole. "Kinachokosekana ni mafunzo."

Ursula aliuliza kama angeweza kwenda semina nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Mratibu akasema ipo, lakini nafasi zimejaa, Dorotea na Burito wanarudia.

Jumatatu wafadhili walikuja kwa magari mawili kutoka Musoma, wamechelewa kwa sababu walipitia Butiama kupiga picha. Waliimbiwa na watoto. Waliingia Kituoni wakiwa wamevua viatu, kama Mratibu alivyotaka, wakahesabu majalada, yakawa mia nne na kumi na mawili. Msichana mmoja wa kwao alichomoa kile cha kijani akakifungua. Ndani mlikuwa na udongo mkavu, umejengwa vyumba vidogo vidogo. Alimtazama mkubwa wake, ambaye alikuwa anapewa kuku. Akakifunga kitabu, akakirudisha kwa vidole viwili ili kisivunjike, akaandika kwenye karatasi yake: hali nzuri sana. Waliahidi vingine mia mbili, na kabati la kioo.

Kuku waliyepewa alikuwa wa Marcelina. Waliondoka naye wamemfunga miguu, akiwa anaeleza jambo.

Mwezi ulipokwisha Ursula alipumzishwa. Barua ilikuwa fupi, ikimshukuru kwa utumishi wake. Nafasi yake alipewa Dorotea, mwenye vyeti viwili vya semina na mkoba. Ursula akaenda kupalilia pamba katika shamba la marehemu baba yake, lililopakana na uwanja wa shule, hata kengele unaisikia.

Siku ya nne ya muhula Dorotea alikuja shambani amevaa viatu vya visigino, anazama.

"Mama Robi, hodi humo."

"Karibu, mama. Angalia miche."

"Hawa watoto," alisema Dorotea, "wananiulizaga. Jana yule Kija kaniuliza kwa nini ukizidisha sehemu jibu linakuwa dogo. Nikamchapa."

Ursula aliweka jembe chini. Alikuwa na jibu zuri la kumpa mwanamke yule, alilichonga siku nyingi kitandani, lenye vitenge ndani yake, na Burito, na sato wa kuchoma. Lakini moyoni akamwona Kija amesimama darasani, mikono nyuma, akingoja fimbo. Akamweka Robi kivulini na maharage yake.

"Usimchape," alisema. "Mpe muhogo akate mwenyewe. Kaa hapa, nikuonyeshe."

Dorotea alikaa juu ya mkoba wa semina, akaandika. Hakuwa mjinga, hakuwahi tu kuambiwa kwamba kazi ile inahitaji kujua kitu. Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi kabla ya kengele. Ursula alimpa somo la siku, akamuuliza nani kakohoa, nani hakuja, nani amekaa nyuma bila kuona ubao. Siku nyingine Dorotea alileta sabuni. Siku nyingine alisahau.

Mwezi wa tatu alikuja mapema kuliko kawaida.

"Kesho tuna wakaguzi," alisema, macho chini. "Nifundishe kitu kizuri, dada. Mume wangu asiaibike."

"Mume wako hawezi kuaibika," alisema Ursula. "Lete daftari."

Akampa somo bora alilokuwa nalo, lile la ukurasa wa sitini na moja, lote, na maswali ya kuuliza na mahali pa kunyamaza. Wakaguzi walikaa nyuma ya darasa dakika arobaini, wakapiga makofi. Waliandika kwamba semina zinazaa matunda, wakampa Mratibu barua ya pongezi, na Dorotea wakampa nafasi ya chuo, miaka miwili, mshahara ukiendelea. Mwaka ule nafasi ilikuwa moja kwa wilaya nzima.

Siku aliyoondoka Dorotea, darasa lile, ambalo sasa lilikuwa la tano, lilibaki bila mtu. Mratibu aliwaandikia wakubwa wake kwamba Guta hakuna mwalimu mwenye sifa, akaomba aletwe mmoja kutoka mkoa mwingine, na watoto akawaambia warudi nyumbani wasubiri.

Walipita kwa mstari kandokando ya shamba la pamba, sabini na wanane, madaftari vichwani.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba," alisema Ursula, akanyoosha mgongo. Alisimama njiani, jembe mkononi, akamuuliza kila mmoja saba mara nane, na aliyejibu akampisha apite.